K ya Kusini

Programu yenyewe ilikuwa ndogo: unaingiza ulipo na unakokwenda, kwa namba na herufi ya upande wa ikweta, inakupa uelekeo na umbali. Nilimwandikia mdogo wangu, rubani wa ndege ya injini moja, aliyechoshwa na rula na ramani. Niliiandika kwa Kiswahili kitupu, maana wanaodhani kompyuta haijui lugha yetu hunipandisha hasira. Nikajiona kichwa kweli.

Asubuhi hiyo aliruka nayo kwa mara ya kwanza. Alikuwa anapeleka dawa mashariki, kwenye kiwanja kilicho kusini kidogo tu ya ikweta. Mawingu yalikuwa mazito.

Nusu saa baadaye nilikuwa najigamba kwa fundi simu ninayechangia naye ofisi, naye akiijaribu kwenye kompyuta yangu.

"Kusini naandika nini hapa?" akauliza.

"K tu."

"Na kaskazini?"

"K..."

Akaangua kicheko. "Dada, hapo umetuweza!"

Mimi niliivuta kompyuta kwangu. Nilijua nilichokiandika: kompyuta ikiona K, inahesabu kaskazini. Niliingiza safari ya mdogo wangu. Ikanipa uelekeo wa nyuzi sabini na nane, kaskazini kidogo ya mashariki, wakati ilipaswa kuwa mia moja na mbili, kusini kidogo. Ukiwa ndani ya mawingu huwezi kuishtukia tofauti hiyo. Na huko kaskazini kuna mlima.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga mnara wa kuongozea ndege, nikaeleza hovyo hovyo huku nalia. Mwongoza ndege hakupoteza muda kunihoji. Aliniacha kwenye laini, nikamsikia akiita redioni: "Pinda kulia sasa hivi! Panda juu! Mbele yako kuna mlima!"

Kimya. Akaita tena. Kimya. Fundi alikuwa amesimama kando yangu, kicheko chote kimemwisha. Nilikuwa nawaza nitaanzia wapi kumweleza mama.

Ndipo redio ikakwaruza, sauti ya mdogo wangu ikatoka nyembamba: "Nimepinda. Napanda."

"Hukuona chochote?" mwongoza ndege akafoka.

"Niliona miti, karibu kabisa chini ya bawa," akajibu. "Nikadhani macho yangu yananidanganya. Hesabu ni za dada."