Mwarobaini wa Kirumbi

Watu wa mtaa wa Kuze walikuwa wakitucheka. Wanaume wanne wazima, mmoja ana wajukuu, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri tunapanda orofani kwa Aidarus kuchezea treni. Nami nilikuwa nikiwajibu kwa ukali, maana sisi hatukuwa tukichezea kitu. Treni yetu ilikuwa na ratiba, na kwetu mtu akichelewesha treni dakika mbili alitukanwa mpaka kahawa iishe.

Aidarus alikuwa fundi saa, na chumba kilikuwa chake. Meza yetu ilikizunguka chumba ukuta hadi ukuta, na juu yake ilipita reli kutoka Mombasa, ikavuka Makupa, ikapanda mpaka Mazeras na mbele kidogo, ikaishia Kirumbi. Kirumbi ilikuwa stesheni yangu. Mimi, Abdulhalim, ndiye niliyekuwa stesheni masta wa kweli huko, mtu mmoja na kengele yake, na Alhamisi ilikuwa siku yangu ya kushuka mjini.

Ngowa, karani wa bandarini, alitutengenezea milima na miti kwa nyuzi za mkonge na unga wa mbao uliotiwa rangi. Seth Oloo aliunda injini kwa mabati ya makopo ya samli. Oloo alikuwa dereva wa treni za mizigo, treni za kweli, na yeye ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi sote. Sikumwambia hata siku moja. Ningemwambia angetujaza maneno mpaka magharibi.

Sheria zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza: kilichoko njiani kiwe mezani. Bati likiezuliwa stesheni ya Changamwe Jumatatu, Alhamisi na letu linang'olewa. Ya pili: mwenye stesheni ndiye msemaji wa stesheni yake. Nikisema Kirumbi kuna mapipa matatu, basi ni matatu, hakuna wa kunibishia. Na kulikuwa na desturi tuliyoiita kulaza shavu. Kitu kipya kikiwekwa mezani, kila mmoja huinama, akalaza shavu juu ya mbao, akafumba jicho moja na kuitazama njia kama dereva aionavyo. Ukiwa umesimama unaiona meza tu. Ukilaza shavu unaiona Kirumbi.

Oloo alipolaza shavu siku Ngowa alipouweka mwarobaini wa Kirumbi, hakucheka kama kawaida yake.

"Abdulhalim," alisema, shavu bado liko mezani, "hata hapa mti wako waniziba. Ule mkono wa ishara pale konani siuoni mpaka niwe nimeufikia. Nimekwambia mara ngapi? Ukate, ndugu yangu."

"Vaa miwani, bwana," nilimwambia, na chumba kizima kikacheka. Hata yeye akaishia kucheka.

Ningependa kusema mti ule ulipandwa na marehemu mke wangu, ili mnionee huruma. La. Niliukuta pale nilipohamishiwa. Ulisimama kati ya nyumba yangu ya kazi na reli, na mchana ulikitia kivuli kiti changu. Kilikuwa kivuli tu, basi.

Jumanne moja ya Februari, mwaka wa tisini na nne, saa tisa mchana, mafundi wawili wa njia, Kahindi na Gunga, walikuwa wakiingia stesheni na kiberenge chao, kile kigari cha relini. Nikaulaza mkono wa ishara ili treni yoyote itokayo Voi isimame nje ya kona. Treni iliyokuja ilikuwa ya Oloo, mabehewa ishirini ya mizigo, na haikusimama. Nilisikia breki zikilia, na zilianza kulia pale penye mlingoti wa ishara, si kabla yake. Halafu nikasikia kitu kingine ambacho sitakieleza. Kahindi na Gunga walikuwa wamekunywa chai kwangu asubuhi ile.

Kesho yake, kabla wachunguzi hawajafika, niliukata mwarobaini. Niliukata kwa mikono yangu, nikayachoma matawi, nikakifukia kisiki kwa kokoto za reli. Wachunguzi walipouliza habari za ishara, walisimama njiani wakaiona ikimeremeta. Oloo alisema palikuwa na mti. Madereva wenzake, waliopita pale kila siku, walisema hawakumbuki mti wowote. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kuilinda. Oloo akaambiwa alete mashahidi Jumatatu.

Nilijua atakwenda wapi kuwatafuta. Alhamisi ile nilitangulia kwa Aidarus, kabla ya alasiri. Nilikuwa na ufunguo, kila mwanachama alikuwa nao. Niliung'oa mwarobaini wa Ngowa, nikaliziba tundu kwa nta na kulinyunyizia unga wa kijani. Kuutupa nilishindwa. Majani yake Ngowa aliyakata moja moja kwa mkasi wa kucha, na mtu wa kazi yetu hatupi kitu kama kile. Nikautia ndani ya kopo la biskuti, nikalisukuma chini ya meza.

Oloo aliingia bila kuvua viatu. Siku mbili zilikuwa zimemzeesha.

"Jumatatu nataka mje nyote," alisema. "Muwaambie tu mlichokiona hapa. Ngowa, si wewe uliyeutengeneza ule mti? Si mlinisikia nikilalamika?" Akainama pale pale, akalaza shavu. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Alipoinuka alinitazama mimi, wala hakuwatazama wale wawili.

"Mti u wapi?"

"Ulikatwa mwezi uliopita," nilisema. Sauti yangu ilitoka vizuri, naikumbuka. "Nilichelewa kuuondoa mezani. Kosa langu, naomba radhi kwa chama."

Ngowa alisogea, akapitisha kidole pale palipokuwa na tundu. Rangi ya ule unga haikuwa ya mkono wake. Mtu huijua kazi yake. Alikitazama kidole, akakifuta kwenye suruali. Akarudi mahali pake.

"Mwenye stesheni ashanena," akasema Aidarus, naye alikuwa na huzuni ya kweli. "Seth, ndugu yangu, twakupenda. Lakini ya Kirumbi ayajuaye ni Abdulhalim. Sisi tutakwenda kusema nini, kwamba twaona mti wa mkonge?"

Sheria ile niliitunga mimi mwenyewe, miaka sita nyuma, siku tulipogombana juu ya mapipa.

Jumatatu Oloo alikwenda peke yake. Alifutwa kazi, akatolewa nyumba ya reli, akapanga chumba Magongo pamoja na mkewe Zilpah. Alhamisi hakuja tena. Tulisikia amekonda, kisha tukasikia amelazwa, na Agosti ya mwaka uliofuata tukasikia amekufa. Tulichanga rambirambi, nami nilizipeleka kwa mkono wangu, nikanywa chai ya msibani.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Zilpah alikuja kwa Aidarus. Alikuwa na kikapu, na ndani yake, imefungwa kwa leso, injini ya mwisho ya Oloo. Tulisimama sote.

"Shemeji zangu, Seth alisema hii irudi kwenu," alisema. "Lakini kwanza nionyesheni pale mahali."

Aidarus alimwonyesha. Zilpah aliweka kikapu sakafuni, akainama, na kabla hatujaelewa anafanya nini akalaza shavu juu ya mbao na kufumba jicho moja. Lazima mumewe alimfundisha, nyumbani, kwenye meza ya kulia. Kikapu chake kilikuwa kimegusana na kopo la biskuti.

"Ishara ndiyo ile nyekundu?"

"Ndiyo hiyo, shemeji," alisema Aidarus.

"Naiona," alisema. Alisogeza kichwa nyuma kidogo, akafuata reli kwa jicho. "Hata kutoka huku naiona."

Ngowa alikuwa akinitazama, na safari hii hakugeuza macho.

Zilpah aliinuka taratibu. Alama ya ubao ilikuwa imebaki shavuni. "Mama yake Seth alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba ameua watoto wa watu kwa uzembe. Mimi nikasimama nikamtetea. Nilimwamini, shemeji zangu. Siku ile ya mwisho hospitalini, hana hata nguvu ya kumeza maji, aliniapia kwamba hakuiona." Alipangusa shavu kwa kiganja. "Kumbe iko wazi hivi."

Nilikuwa nimekaribia kopo kuliko yeye. Ningeinama tu. Mti ulikuwa mzima, majani yake yote yako, na tundu lilikuwa la nta, lingefunguka kwa ukucha. Nilijiambia ngoja ameze mate, ngoja akae. Nilijiambia Kirumbi nimebakiza miaka miwili nistaafu kwa heshima. Haya yote nilijiambia, mimi mwenye kupiga watu kelele kwa dakika mbili za ratiba.

Aliikunjua leso, akaiweka injini ukingoni mwa meza, akajitanda leso yake begani.

"Bakini nayo. Sitaki iwe nyumbani mwangu."

Akashuka. Ngazi za kwa Aidarus zina vidato kumi na saba, vya juu vya mbao, vya chini vya mawe, na vyote husikika. Nilivihesabu. Ngowa alichukua kofia yake akamfuata, nami nikaogopa kwamba anakwenda kumwambia. Hakumwambia. Alimshika mkono tu kwenye vidato vibovu, akamvusha barabara, akaenda zake, wala hakurudi kwetu tena.

Mlango wa chini ulijifunga. Aidarus aliitazama saa ya ukutani, akauliza nani atakayeiongoza treni ya saa kumi na moja, maana tulikuwa tumeshachelewa.

Nikasema mimi.