Kuona Nyumba kwa Viganja

Wateja wote husema wanakuja "kuona" nyumba. Na wanaona kweli: wanaona rangi, wanaona pazia, wanaona jinsi watakavyowaringia mashemeji sebuleni. Mimi dalali, niliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hii, huwaacha waone kwanza. Nyumba mimi nimezijua kwa njia nyingine. Nyumba ikikaa bila mtu hukatwa umeme na kufungwa madirisha, na wa kwanza kuingia ni mimi, gizani mchana kweupe, nikipapasa ukuta kutafuta komeo la dirisha. Miaka ya kupapasa imenifanya niote ndoto nikiwa macho. Nikigusa tu fremu ya mlango, namsikia atakayepita hapo, na najua atajikwaa wapi.

Fundi saa alinijia na picha ya nyumba kwenye simu. Mke wake, fundi cherehani, macho yalikuwa yanamwishia, na daktari alishawaambia wasijidanganye, hayatarudi. Walipanga ghorofani, na mama huyo hakuweza tena kushuka ngazi bila kushikwa. Mumewe alitaka nyumba ambayo mkewe ataizoea kabla mwanga wa macho haujaisha kabisa.

"Hii hapa," akasema. "Dirisha kubwa, ukikaa unaona bonde lote. Nataka ashibe kuona, dada."

"Na akishashiba?" nikamuuliza. Mdomo wangu hauna breki, najua.

Nikampeleka. Nyumba ilikuwa nzuri, sitaki uongo. Jua liliingia lote sebuleni likalala sakafuni, hata mimi nikasahau kidogo nimefuata nini. Kisha nikamrudisha mlangoni, nikamwomba afumbe macho atembee mpaka jikoni. Akacheka, akafumba. Akakosa ile ngazi moja ya kushukia sebuleni, akapepesuka, akajishikiza kwenye mlango wa jikoni, unaofungukia pale pale anapopita mtu, nao ukamgonga paji la uso.

"Unanifanyia mzaha?" akafoka.

"Mimi sikufanyii, mzee wangu. Nyumba ndiyo inayokufanyia."

Njiani alikwenda akinung'unika, mkono pajini. Nilidhani nimeshampoteza, lakini nikajitia uziwi, nikampitisha kwenye nyumba ya pili. Hii ilikuwa fupi, ya rangi ya majivu, dirisha dogo kama fundi alilikumbuka mwishoni. Kila niliyemwonyesha aliikunjia pua. Ila nilikuwa nimeshaingia humo gizani mara nyingi, na haikuwahi kuniumiza. Ukuta mmoja unaanza mlangoni, unapita vyumbani, unakufikisha jikoni. Sakafu ni moja, haipandi haishuki. Milango ikifunguliwa inalala ukutani, na bomba liko pale pale mkono unapolitafuta.

"Huku ni giza tupu," fundi saa akasema. "Nimlete gizani kwa mkono wangu mwenyewe?"

Nilimhurumia sana. "Mlete tu," nikamwambia. "Yeye ndiye atakayekaa humu."

Kesho yake akamleta, amemshika kiwiko. Mama mwembamba, sindano moja imechomekwa kifuani mwa gauni. Nikaanza maelezo yangu, kulia kwako kuna hiki, mbele yako kuna kile.

"Hebu ngoja, mwanangu," akanikata. "Usinisimulie. Nitashika mwenyewe."

Nikampisha. Akajitoa mkononi mwa mumewe, akaweka kiganja ukutani, akakipitisha taratibu kama anayechagua kitambaa dukani, akaanza kwenda. Nikasikia ngozi ikikwaruza chokaa. Sauti ile ikapita chumba cha kwanza, ikatulia kidogo, ikapita cha pili, ikapinda. Ndoto yangu ikanijia pale pale nimesimama: nikawaona wote wawili kwenye jioni ambazo bado hazijafika, mama akienda na kurudi na ukuta ule, anatafuta uzi, anatafuta kiti, anamtania mumewe. Ilikuwa ndoto tamu na sikutaka kugutuka.

Fundi saa alibaki mlangoni. Mkono aliomshikia mkewe ulikuwa bado umekunjwa vile vile, umeshika hewa. Kwa miezi mingi mkono ule ulikuwa na kazi moja tu.

"Hajaniita," akaninong'oneza. Machozi yakamtoka. Sikujua ni ya furaha au ya kuachwa, na nadhani hata yeye hakujua. Mimi nilitazama chini, maana yangu nayo yalikuwa njiani.

Jikoni bomba likafunguliwa, likafungwa. Kiti cha zamani kilichoachwa na wenyewe kikavutwa, mtu akakaa. Nikainua mguu nimfuate.

"Baba watoto," sauti ikatoka huko, na ndani yake mlikuwa na kicheko, "mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Ingia. Karibu kwangu."