Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Watu husema kisasi ni cha Mungu. Nami sikumnyang'anya. Nilimpikia Marcelino pombe tu, mengine akayafanya mwenyewe kwa mdomo wake.

Marcelino alikuwa meneja wa chama chetu cha ushirika, na mume wangu Athanasi alikuwa mtunza ghala wake hapa Mpitimbi. Ruksa ya biashara huria ilipoingia na kila mwenye lori akawa mfanyabiashara, mbolea ya wakulima ikaanza kutokea mlango wa nyuma kwenda Tunduru na kwingine nisikokujua. Athanasi alikataa kufumba macho. Akasema atakwenda kushtaki wilayani. Kabla hajaenda, polisi walikuja kumkamata yeye kwa wizi wa mbolea ile ile.

Kesi ilikuwa neno la mmoja dhidi ya neno la mwenzake. Athanasi alisema lori lilipakiwa kwa amri ya meneja. Marcelino alikuwa amekwisha kuapa kwa Biblia kama mashahidi wote, lakini hakutosheka. Alivua rozari shingoni, akabusu msalaba, akaunyanyua juu ili hata waliokaa nyuma wauone, akasema, "Haki ya Mungu na Bikira Maria, mbolea hiyo siijui." Machozi yakamtiririka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuona kwamba ni machozi ya kweli, na hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote.

Nyuma yangu alikaa baba mkwe wangu, Mzee Otto, katekista. Nusu ya Mpitimbi ilifundishwa ishara ya msalaba na mzee huyu. Tulipotoka nje ya mahakama nilimshika mkono nikamwambia, "Baba, umesikia uongo ule?" Akautoa mkono wake.

"Mkristo hawezi kubusu msalaba akasema uongo," alisema. "Basi mwongo ni mwanangu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba watu wote wanauogopa msalaba kama yeye anavyouogopa. Ujinga wa namna hiyo huua.

Athanasi alikufa kwa homa gerezani. Mzee Otto alikataa azikwe na wazee wa ukoo, akasema mwizi halali na babu zake, na kaka zangu ndio waliochimba kaburi pembeni mwa shamba langu la mahindi. Kila Novemba, ukoo ulipokutana kuwaombea marehemu, mzee aliwataja wote, hata yule mjomba mlevi aliyetumbukia kisimani. Athanasi hakumtaja. Na kijiji kizima kilimfuata katekista wake, maana nani angebishana na kiapo? Ningeweza kurudi kwa wazazi wangu. Nilibaki makusudi, nipike pombe, niuze, wanione kila siku wakipita. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: watu wa Mpitimbi wamwone Marcelino kwa macho yao akibusu msalaba na kusema uongo, na Mzee Otto awe amekaa mbele.

Ukafika mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Marcelino wakati huo alikuwa na malori, na duka Songea mjini, na mashine ya kusaga. Akataka na ubunge. Mapadri walikuwa wakihubiri kila Jumapili kwamba tuchague waadilifu, na Marcelino alijulikana mji mzima kwa ulevi. Basi Jumapili moja, misa ikiisha, akasogea mbele ya altare akaomba kusema neno. Akaapa kwamba hatatia pombe kinywani mpaka anaingia kaburini. Kanisa lilipiga makofi. Mama mmoja kando yangu alilia. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, maana nilikuwa nimeona kamba ya kumfungia.

Haukupita muda, mtu wake wa kampeni akabisha hodi kwangu. Jina lake Swalehe, Myao wa Tunduru, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni kabla hajapata kibarua cha siasa. Alikuwa mtu mwema na ninamsikitikia mpaka leo.

"Mama, pombe yako inasifika," alisema. "Mheshimiwa angependa wazee wapate kinywaji siku ya mkutano."

"Mheshimiwa yupi?" niliuliza, kana kwamba sijui.

"Marcelino."

"Si ameacha pombe?"

"Ameacha kunywa, mama. Kunywesha hajaacha."

Nilicheka kutoka moyoni. Kisha nikampa sharti langu. "Nitapika. Ila siku hiyo utangaze kwa kipaza sauti kwamba pombe ni ya Mheshimiwa. Mimi mjane. Sitaki wazee waseme nawanywesha pombe isiyo na mwenyewe."

"Hilo dogo, mama. Nitatangaza."

Huyu alikuwa mgeni wa mambo yetu, hakujua ameniahidi nini. Kwetu pombe ya kuuza huonjwa na muuzaji. Lakini pombe ya kukaribishia watu huonjwa na yule anayekaribisha, mbele ya macho yao, ndipo wengine wanywe. Tunaita kuondoa sumu. Asiyeonja pombe yake, hakuna atakayeigusa, na jina lake halisafishiki tena. Marcelino aliijua mila hiyo vizuri, kazaliwa nayo. Ndiyo sababu kila alikokwenda utaratibu ulikuwa mmoja: anahutubia, anapanda gari, anaondoka, ndipo pombe inafunguliwa na kuonjwa na mkubwa yeyote wa chama aliyebaki. Jicho lake halikuona, mkono wake haukugusa.

Niliotesha ulezi, nikaanika kimea, nikasaga mwenyewe. Adela, jirani yangu, alikuja akakaa karibu na chungu akinitazama mikono.

"Kunegunda," alisema, "usituletee msiba."

"Dada, kaa hapo hapo uangalie mpaka mwisho. Sumu ya mtu huyu haitoki chunguni."

Alikaa. Aliona kila nilichotia, na sikutia kitu kibaya. Nilitaka iwe pombe nzuri kuliko zote nilizowahi kupika.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la ushirika, lile lile la Athanasi. Ushirika wenyewe ulikuwa umeshakufa, na ghala alikuwa amelikodi Marcelino kuwekea mahindi aliyonunua kwetu kwa bei aliyotaka yeye. Lori lake lilileta mapipa ya pombe kutoka kwangu, likaegeshwa pale pale, jina lake limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Wazee walikaa kwenye mabenchi ya mbele. Mzee Otto alikuwa wa kwanza kulia, fimbo katikati ya magoti.

Marcelino alisema habari za uadilifu mpaka jua likatuchoma. Rozari ile ile, sasa aliivaa nje ya shati. Alisema kiongozi asiyemcha Mungu ni mwizi anayesubiri funguo. Watu wakashangilia. Nami nilishangilia.

Alipomaliza, Swalehe akakichukua kipaza sauti, akatimiza ahadi yake kama muungwana. "Wazee wangu! Mheshimiwa hakuja mikono mitupu! Pombe mnayoiona pale ni yake, kaitoa yeye mwenyewe kwa moyo mmoja, kwa ajili yenu!"

Marcelino alikunja uso kidogo, akapunga mkono, akaanza kuelekea kwenye gari. Nilikuwa nimekwisha kuchota kata ikajaa. Nikamkatiza njia, nikapiga magoti yote mawili kama mwanamke anavyompa mkubwa kinywaji.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama." Kisha akanitazama vizuri, na rangi ikamtoka.

"Wazee wanangoja," nikasema kwa sauti ya kufika mabenchini. "Mwenye pombe huonja kwanza."

Akatabasamu kwa meno. "Mama, mnajua wote nimeapa mbele ya altare. Mimi sinywi."

"Tunajua, Mheshimiwa. Basi chovya kidole, ulambe."

Watu walicheka. Mzee mmoja akaitikia kutoka benchini, "Kidogo tu, Mheshimiwa, utuondolee mashaka. Mungu anaijua mila yetu."

Hakuchovya. Nilijua sababu, na ilinipendeza sana. Hakuwa anaogopa kiapo peke yake. Alikuwa amemwona mjane wa Athanasi ameshika kata, akaamini nimemtilia kitu.

"Swalehe," aliita. "Njoo uonje kwa niaba yangu."

Swalehe alirudi nyuma hatua nzima. "Mheshimiwa, mimi Mwislamu. Wallahi hiyo kwangu ni haramu, na wewe unajua."

"Basi aonje aliyepika!"

"Mimi kibarua tu," nikasema. "Ningekuwa nauza, ningeonja. Hii ni zawadi yako kwa wazee. Au si yako?"

Minong'ono ikaanza. Mzee aliyekuwa anacheka akaacha kucheka. "Pombe gani hii mwenyewe anaiogopa?" aliuliza, akasukuma kibuyu chake kwa mguu. Mwingine akasimama kutaka kuondoka, na wa pili akamfuata. Marcelino aliziona kura zikinyanyuka kutoka mabenchini.

Watu wengine wakibanwa hukimbilia porini. Marcelino hukimbilia msalabani. Hilo nililijua tangu mahakamani, na ndilo nililolipikia. Niliuona mkono wake ukipanda shingoni kabla hata yeye hajajua unakwenda wapi. Akavua rozari. Akabusu msalaba. Akaunyanyua juu ili walio nyuma wauone.

"Haki ya Mungu na Bikira Maria," alisema, "pombe hii siijui."

Na machozi yakamtiririka.

Swalehe wa watu alikuwa bado ameshika kipaza sauti mdomoni. "Lakini Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ikaenea mpaka mashambani, "si imekuja na lori lako?"

Watu waligeuka kulitazama lori. Mimi sikuligeukia. Nilikuwa namtazama Mzee Otto.

Alisimama taratibu, akaja akiegemea fimbo mpaka mbele ya Marcelino. "Mwanangu," alisema, "mimi masikio yangu ni mazito siku hizi. Hebu rudia."

Marcelino alidhani amepata mkombozi, katekista mzima wa kumshuhudia. Akaunyanyua tena msalaba. "Haki ya Mungu na Bikira Maria, Mzee wangu, pombe hii siijui."

"Ndivyo ulivyosema," Mzee Otto alisema. "Mahakamani. Hivyo hivyo. Hata kulia ulilia hivyo hivyo."

Adela alikuwa wa kwanza kupaza sauti. "Mwongo!" alisema, yeye aliyekaa miaka yote hiyo bila kulitaja jina la mume wangu mbele yangu. Kisha kiwanja kizima kikalipuka. Marcelino aliingia garini akaondoka na vumbi lake, rozari mkononi, akaacha nyuma mapipa, lori, na Swalehe. Abiria wa gari la jioni walizibeba habari mpaka sokoni Songea. Uchaguzi alishindwa, na kanisani akawa anakaa karibu na mlango. Sijamwonea huruma.

Nikainuka na kata yangu. Nikainywa yote, bila kupumzika, mbele ya watu. Kisha nikasema, "Pombe isiyo na mwenyewe ni ya marehemu. Hii ni ya Athanasi. Mwenye kiu anywe."

Walikunywa, wengi wakiinamisha macho. Nilichota mimi mwenyewe, nikampa kila mmoja mkononi, anitazame usoni akipokea.

Mzee Otto alingoja mpaka mwisho. Alikuja akanyoosha mikono miwili. "Nipe kidogo, mama," alisema. "Nimmiminie mwanangu."

"Mwanao yupi, Baba?"

Watu walikuwa wameacha kunywa. Mmoja wa wazee aliniambia kwa sauti ya chini, "Kunegunda, imetosha, huyo ni baba yako." Nilijua ni baba yangu. Nilijua pia njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye kaburi la pembeni mwa shamba langu, na kwamba hakuwahi kuipita.

"Athanasi," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ya kusikiwa na mimi peke yangu.

Nilimwita Swalehe, nikamwambia ampe mzee kipaza sauti. Alikishika vibaya, Swalehe akamsaidia.

"Mwanangu Athanasi hakuiba," alisema, na ghala likaturudishia maneno yale.

Kata ilikuwa imejaa mkononi mwangu. Sikumpa bado.

"Masikio yangu ni mazito, Baba," nikamwambia. "Rudia."