Samaki wa Wageni

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Ndivyo walivyosema watu wa nyumba za kiwanda, na si kwamba methali iliwaponyoka.

Kila wageni walipotarajiwa, maji machafu ya kutilia nguo rangi, ambayo siku zote yalimwagwa mtoni, yaligeuziwa kwenye mtaro uliopita milangoni mwao. Bwawa la kusafishia maji lilijazwa maji ya bomba, kisha likatiwa samaki hai walionunuliwa sokoni. Mfagiaji wa kiwanda, bibi aliyeishi kwenye nyumba hizo, ndiye aliyepewa kazi ya kuwatia. Wenzake wakambandika jina: Mama Samaki.

Asubuhi ya ziara nyingine alikuwa amemwacha mjukuu wake kitandani, miguu imevimba, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Kosa la mtoto lilikuwa kuvuka mtaro kwenda shule.

"Mama Samaki, leo uso wa sikukuu," meneja alimwambia huku akiinyoosha tai. "Hawa ni watu wa uwekezaji endelevu. Wanatafuta kampuni safi za kuweka fedha. Wakituridhia, hatifungani zetu za kijani, hati za kukopea fedha kwa sifa ya usafi, zitagombewa sokoni."

"Na mtaro, bosi?"

"Wageni wakiondoka, nao utakauka."

"Mjukuu wangu je?"

"Mpake mafuta. Bibi mzima hujui kulea?"

Wageni walifika watatu, viatu vyao havijui tope. Wakapiga picha bwawa. Samaki wakarukaruka kama waliolipwa.

"Jamani, wazuri! Wamekaa humu muda gani, mama?" aliuliza mgeni wa kike.

Meneja akamkonyeza Mama Samaki.

"Tangu nilipotoka kunywa chai, mwanangu."

Meneja akacheka kwa nguvu. "Bibi yetu kwa utani!"

Utani? Mama Samaki alichukua ndoo, akatokea mlango wa nyuma, akateka maji ya mtaroni, mekundu siku hiyo, akarudi bila haraka. Akaiweka ndoo mbele ya vile viatu. Akanasa samaki mmoja bwawani kwa wavu, akamtumbukiza ndani.

Samaki alipiga mkia, akawarushia wageni matone mekundu. Akazunguka. Kisha akageuza tumbo juu, jeupe, mdomo wazi.

"Haya ndiyo maji ya kiwanda," Mama Samaki akasema. "Yale kule ni ya picha. Haya tunalala nayo sisi."

Wageni wakatazamana. Yule wa kike akafuta kiatu kwa kitambaa, akaifunga kamera.

"Pole, mama," alisema kwa upole. "Lakini sisi tumetumwa kukagua bwawa. Mtaro haumo kwenye ziara yetu."

Meneja akapumua. Rangi ikamrudi usoni, na sauti pia.

"Umesikia? Sasa waombe wageni radhi. La sivyo, vua hiyo ovaroli."

Mama Samaki alishaanza kufungua vifungo. Akaikunja ovaroli vizuri, kama ya mtu mwingine, akaiweka ukingoni mwa bwawa.

"Ningemwomba samaki," akasema, "ila amekufa. Nyinyi siwaombi."