Njia ya Dharura

Stoyanka alilifunga yai la kuchemsha kwenye karatasi ya kufutia mikono, akalitumbukiza mkobani kabla mhudumu hajageuka.

"Wizi huo, mama Milena," alisema mumewe, Gencho. Sauti yake siku hizi ilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Wizi ni hii kahawa yao. Maji ya kuoshea sufuria yana ladha kuliko haya. Vaa kofia, twende."

Hoteli ilikuwa katikati kabisa ya Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, tawi la kampuni ya nje yenye hoteli za jina lile lile kila mji mkubwa. Aliyewachagulia ni binti yao Milena, kwa simu, kutoka Hispania anakotunza wazee wa watu. Kwenye picha zulia lilikuwa jekundu. Walipofika walilikuta limepauka hadi kuwa rangi ya ini, mabomba yakikohoa kabla ya kutoa maji. Lakini hospitali ilikuwa jirani, na hospitali, ingawa ilikubali kumpiga mzee Gencho mionzi ya mapafu kila siku, kitanda haikumpa. "Anatembea mwenyewe," daktari alisema. "Vitanda ni vya wasiotembea."

Siku hiyo walirudi kutoka hospitali mchana, theluji ya barabarani imegeuka uji mweusi. Gencho alikuwa amechoka kupita jana. Alikwenda moja kwa moja kwenye lifti, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Imekufa, baba," alisema Desislava, binti wa mapokezi. "Mlipotoka tu."

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya sita.

"Na fundi?" Stoyanka aliuliza.

"Fundi yupo hapo mtaa wa nyuma, mama. Lakini haruhusiwi kuigusa mpaka makao makuu yaidhinishe. Na huko nje leo kwao sikukuu."

"Basi tuhamishie chini."

Desislava aliinamia kompyuta, akainuka mikono mitupu. "Ghorofa ya kwanza ni ukumbi wa kamari. Ya pili na ya tatu wamechukua madaktari wa meno, wana mkutano."

"Vimejaa vyote?"

Binti alitazama kwanza mlango wa ofisi, kisha akashusha sauti. "Bado hawajafika. Wanaanza kuingia kesho. Lakini mtambo umevifunga vyumba, mama. Nikijaribu kufungua, unanitoa nje mimi mwenyewe."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Meneja, Bwana Karaivanov, alikuwa mtu wa tai iliyonyooka na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Tunasikitika sana kwa usumbufu," alisema.

"Usisikitike, baba. Nipe ufunguo."

"Ningekuwa na uwezo, mama, ningekupa hata wa kwangu."

"Nani ana uwezo?"

Karaivanov alinyoosha kidole juu. Hakumaanisha Mungu.

Wakaketi kwenye kochi la ukumbini. Gencho alilegea, kichwa kikamwangukia mkewe begani, akaanza kukohoa usingizini kikohozi kile kirefu cha kung'oa kifua. Watu wawili waliokuwa wakielekea kwenye kamari wakasimama, wakatazama, wakapita. Haukupita muda meneja akarudi, akainama kwa adabu.

"Mama, hapa mbele ya wateja... Mzee asilale. Mkae tu, lakini asilale."

Gencho alikuwa amesikia. Alijiinua taratibu, akavuta kofia yake sawasawa.

"Sisi si wateja?" aliuliza, na hakungoja jibu. "Mama Milena, nishike mkono. Nimeezeka mapaa nusu ya mkoa wetu wa Vidin. Ngazi zenye zulia zitanishinda?"

"Baba Milena, acha ushindani na jengo."

"Twende."

Ghorofa ya kwanza aliipanda kwa hasira. Ya pili kwa ubishi. Kufika ya tatu alikuwa hasemi tena, anashika tu chuma cha ngazi kwa mikono miwili na kujivuta kama gunia. Kwenye kibaraza kabla ya ghorofa ya nne magoti yakamkatika. Stoyanka alimdaka chini ya makwapa, wakateremka pamoja mpaka sakafuni, mgongo ukutani.

Juu hakuweza. Chini hakuweza.

Desislava alipanda mbio, viatu mkononi. Yeye na Stoyanka walijaribu kumnyanyua, na pale walipomnyanyua Gencho alilia kwa maumivu, wakamrudisha. Binti akapiga simu ya gari la wagonjwa, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Anapumua?" sauti ilihoji.

"Anapumua."

"Ana fahamu?"

"Ninazo, mwanangu," Gencho alijibu.

"Basi hiyo siyo dharura. Sisi hatubebi watu kuwapeleka vyumbani mwao."

Simu ya mapokezi ikawa inalia huko chini bila kukoma. Desislava alimtazama Stoyanka, akashuka.

Stoyanka alipanda peke yake, akarudi amekumbatia mto na blanketi. Alimvua mumewe viatu. Soksi zilikuwa zimelowa kwa ule uji wa barabarani, akazikamua, akamfunika mpaka kidevuni. Akamenya lile yai, akamlisha kipande kimoja kimoja. Alikuwa bado anamlisha Karaivanov alipofika, anahema.

"Mama, hapana. Hii ni njia ya dharura. Sheria hairuhusu kuiziba."

"Watu wa dharura wamesema sisi si dharura."

Meneja alisimama ngazi mbili chini yao. Alilegeza tai. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama ataketi nao. Kisha akasema, "Nitaandikia makao makuu," akageuka.

Aliyefuata ni mfagizi, mwanamke wa makamo, macho chini. Alikuwa amebeba kile kibao cha manjano cha kutahadharisha kwamba sakafu imelowa. Alikikita karibu na miguu ya Gencho.

"Nimeagizwa, dada yangu," alinong'ona. "Wageni wasije wakajikwaa."

Gencho alikikodolea macho kibao. "Mke wangu, mimi nimekuwa maji?"

Stoyanka hakucheka. Alizichukua zile soksi, akazitandaza juu ya kibao, moja kila upande, akazinyoosha vidole kwa uangalifu kama anayeanika nguo uani kwake. Halafu akaketi kando ya mumewe, akaingiza miguu ndani ya blanketi.

Wageni walishuka na masanduku yao. Walikiona kibao, wakasogea ukutani, wakapita polepole wakiangalia wanapokanyaga.