Uchovu Unaojua Kalenda

Ilipofika wiki ya pili ya Juni, Spéciose aliacha kujibu simu. Wateja waliofuata nguo zao mtaani Malvern walikuta mlango wa chumba chake cha ushonaji umefungwa, mwenyewe yuko ndani amejifunika mablanketi mawili, cherehani imenyamaza. Homa hakuwa nayo. Aliamka amechoka, akalala amechoka, na hata mtu akicheka huko nje, kile kicheko kilimuumiza. Hayo yalikuwa majira yake ya sita ya baridi Johannesburg, na kila mara yalimwangusha vivyo hivyo. Hakuwahi kumwambia mtu. Kwao Rumonge, Burundi, anayelala mchana bila ugonjwa huitwa mvivu.

Aliyepasua jipu ni Mamie, msusi kutoka Bukavu, mwenye saluni mlango wa pili. Aligonga, akagonga tena, mwisho akaingia bila kukaribishwa, akafungua pazia. Dirisha lilitazama ukuta.

"Mama Joséline," alimwita kwa jina la mwanawe, "unaumwa nini?"

"Siumwi, dada. Nimechoka tu."

"Mwaka juzi Juni ulichoka. Mwaka jana Juni ulichoka. Uchovu gani huo unaojua kalenda?"

Spéciose alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alilia mpaka kwikwi ikamshika. Mamie akaketi kitandani pembeni yake.

Kesho yake walikwenda kliniki. Nesi hakumwita mvivu. Alimweleza kwamba wapo watu ambao kila baridi ikija na jua likipungua, moyo huwashuka, na si aibu. Atoke juani kila siku, atembee, ale vizuri, asijitenge na watu. Arudi baada ya wiki mbili. Kukihitajika dawa, zipo.

"Jua la mji huu ni la bure," Mamie alisema wakitoka. "Angalia, baridi yote hii na hakuna hata wingu. Sisi tunajifungia ndani kama viazi."

Siku ya kwanza Spéciose alifika kwenye taa za kwanza za barabara ya Jules, roboti kama wanavyoziita huko, akatazama magari yakisimama kwenye taa nyekundu, akageuka. Miguu ilikuwa kama ya kuazima. Siku ya pili hakutoka kabisa. Siku ya tatu Mamie alimwacha mteja kitini, akaja kumshika mkono. Mteja naye, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka, akawafuata. Watu njiani waligeuza shingo. Siku hiyo walifika roboti ya pili, na Spéciose akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Wiki iliyofuata aliisukuma cherehani hadi barazani, mahali jua linapopiga kuanzia saa nne. Akawa anashona huku anasalimia wapita njia. Aliporudi kliniki, nesi alimtazama usoni, akasema, "Endelea hivyo hivyo."

Jumamosi moja ya Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda, wanawake sita wa mtaa walitoka asubuhi kwenda kupanda kilima cha Kensington. Katikati ya mlima Spéciose aliketi juu ya jiwe, anahema.

"Nendeni. Mtanikuta hapa hapa."

Mamie aliweka mikono kiunoni. "Sawa, pumzika. Mlima ni wa sisi watu wa Bukavu. Nyinyi watu wa tambarare ya Rumonge, nani aliwafundisha kupanda?"

Spéciose akainuka. Akampita mmoja, akampita wa pili, akampita Mamie mwenyewe bila kumtazama, kitenge amekikaza kiunoni, na hakusimama mpaka mlima ulipokwisha. Jiji lote lilikuwa chini yake, minara na mabati yanang'aa juani. Akatupa kichwa nyuma, akapiga vigelegele, virefu, mpaka mbwa wa Kensington wakaanza kubweka nyumba kwa nyumba.

"Mama Joséline, tungoje basi!" Mamie aliita kutoka chini, pumzi zimemwishia.

"Njooni tu!" Spéciose akajibu. "Huku juu kuna joto!"