Goti la Namba Nne

Ombeni alishuka ngazi kwa makalio. Kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini ni ngazi thelathini na tisa, na kila moja aliipa haki yake: mikono nyuma, mguu wa kushoto chini, wa kulia umenyooshwa mbele kama ubao, kisha mwili mzima unashuka, tih! Mbao zikalia. Mama yake, Bupe, alitangulia na magongo mawili ya Ombeni kwapani na mkoba wa plastiki mkononi, akishuka kinyumenyume, kana kwamba zile kilo mia na hamsini zikiteleza yeye ndiye atakayezidaka.

"Taratibu, baba."

"I got it, Mama."

"Hujapata chochote. Taratibu."

Mlango wa ghorofa ya pili ulifunguka, akatoka mwanamke mwenye sare ya duka. Alisimama akasubiri. Hapakuwa na njia ya kumpita Ombeni kwenye ngazi zile. Miaka saba nyuma hilo lilikuwa jambo la kuandikwa magazetini, kwamba kijana huyu hapitiki. Sasa yule mwanamke alitazama saa yake.

Chini, Mugo alikuwa amewasha teksi ili ipate joto. Machi ya Laurel, mji wa Maryland, bado ilikuwa na baridi yenye meno. Mugo ni jirani yao, mtu wa Murang'a, na kama ana siku ya kunyamaza basi bado haijafika.

"Muweke nyuma, Mama Ombeni. Akikaa mbele gari itapiga magoti, na hapa tayari tuna goti moja mgonjwa."

Bupe alicheka. Ombeni hakucheka, ila alikaa nyuma, mguu umelala juu ya kiti kizima.

"Karatasi unayo?" mama yake aliuliza.

"Ninayo."

Aliishika mfukoni mwa shati. Jambo la siku hiyo lilikuwa moja tu. Goti la kulia lilitaka kupasuliwa, na daktari alishasema majira ya joto yakipita bila kisu hakutakuwa tena na cha kupasua. Hospitali ilitaka mtu wa kulipa. Bima ya makao ya wazee, alikofanya kazi Ombeni mpaka Novemba, ilisema goti hilo si lao, walilikuta limeharibika. Leo kamishna wa madai ya walioumia kazini angesikiliza, aamue goti ni la nani.

Ukimsikiliza Bupe, mwanawe hakuzaliwa, alishushwa kama shehena. Mkunga wa Tukuyu, anasema, alimpima kwenye mizani ya ushirika, ile ya kahawa, kwa kuwa ile ya zahanati ilizidiwa; na karani wa ushirika, kwa mazoea, akamwandika daraja la kwanza. Alipofikisha miaka kumi walihamia Maryland. Alipofikisha kumi na saba, watu ambao kazi yao ni kuwapanga watoto wa sekondari kwa madaraja walimpa nyota tano na kumwandika namba nne Marekani nzima, kwa wachezaji wa mstari wa mbele. Katika futiboli ya huko mtu wa mstari wa mbele haugusi mpira. Kazi yake ni kusimama kati ya mwenye mpira na wanaotaka kumvunja, ili avunjike yeye.

Nyota tano, kama hoteli. Na kama hoteli, watu waliingia, wakala, wakalala, wakaondoka.

Kocha wa chuo kikuu kimoja cha kusini alipanda ngazi hizo hizo thelathini na tisa. Alikula ndizi na nyama sahani mbili, akamwita Bupe "Mama" kwa Kiswahili kabisa, akamwekea mkono begani. "Mwanao sasa ni mwanangu," alisema. Bupe alimpiga picha akiwa na vidole mdomoni, kisha akamfungia ndizi nyingine za kula njiani.

Ufadhili ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, ukiongezwa chuo kikipenda. Vuli ya mwaka wa pili goti lilipasuka uwanjani. Masika ilipofika, chuo hakikupenda. Kabla Ombeni hajafunga begi, daktari wa timu alimpa karatasi: goti la kulia limepona kabisa, mchezaji hana dai lolote. "Ni utaratibu tu," alisema. Ombeni alikuwa na miaka ishirini na alitaka kwenda nyumbani. Akasaini.

Alibeba fanicha za watu, akasimama milangoni mwa kumbi za muziki kwenye mtaa wa Columbia Heights, mwishowe akapata kazi kwenye makao ya wazee. Wakati wa mapumziko alizoea kukaa kwenye kompyuta ya mapokezi na kuwatafuta wenzake, wale kumi bora wa mwaka wake. Wawili walionekana kwenye televisheni kila Jumapili. Namba moja aliuza magodoro. Namba saba alikuwa askari wa gereza. Namba tisa alikuwa gerezani pia, ila si askari. Namba sita alikufa usingizini, na picha waliyoiweka kwenye tangazo la msiba ilikuwa ya sekondari, amevaa kofia ngumu ya mchezo, uso hauonekani.

Namba nne aliinua wazee. Mashine ya kuinulia wagonjwa iliharibika Juni, ikasukumwa pembeni, wafanyakazi wakawa wanatundikia makoti. Kila walipoulizia fundi, Edah, nesi msimamizi, aliwajibu kwa Kiswahili cha Eldoret, "Mashine ya nini na Ombeni yuko?" Watu wakacheka, Ombeni naye akacheka. Kuitwa mashine si matusi kwa mtu aliyewahi kuandikwa gazetini kwamba ni mashine. Novemba akamwinua mzee wa chumba cha kumi na mbili, mtu wa kuinuliwa na wawili, akiwa peke yake. Goti lilitoa mlio ambao hata mzee aliusikia, na mzee yule alikuwa hasikii.

Wiki iliyopita Ombeni alimpigia Edah simu aje aseme habari za mashine.

"Nitakuombea, kaka," Edah alisema. "Lakini kuja huko siwezi. Makaratasi yangu ya uhamiaji bado. Unanielewa?"

Alimwelewa.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa na meza, bendera mbili na viti vyenye mikono. Ombeni hakuenea kwenye kiti. Alisimama kwenye magongo mpaka karani akaburuta benchi kutoka ukumbini. Wakili hakuwa naye. Watatu aliowaendea walimsikiliza vizuri mpaka lilipotajwa neno futiboli, wakafunga kalamu.

Wakili wa bima alikuwa mwanamke mpole kama nesi wa chanjo.

"Pole sana kwa goti," alimwambia Ombeni, na alionekana kumaanisha. Kisha akamgeukia kamishna. "Kijana huyu alikuja kazini na goti lililokwisha, mheshimiwa. Mteja wangu hawezi kununua goti jipya kwa sababu mtu mwingine alivunja la zamani."

Ombeni akatoa karatasi yake. Kamishna, bwana mwenye miwani ya kamba, aliisoma mara mbili.

"Limepona kabisa," alisoma kwa sauti. "Na daktari ametia saini." Akamtazama wakili. "Una cha kupinga hii?"

"Kwa sasa sina, mheshimiwa."

Kwa mara ya kwanza tangu Novemba Ombeni alivuta pumzi ikafika chini. Karatasi waliyomsainisha ili wamtoe mlangoni ndiyo hiyo leo inamfungulia mlango.

Akaitwa shahidi, mama wa mdai. Serikali ilimletea Bupe mkalimani, Leonard, mtu wa Bukavu mwenye suti ya kijani.

"Mama, usiogope. Miye nitatafsiri yote. Wanauliza hivi: hii goti, mbele ya kazi, ilikuwa muzuri?"

Bupe alimtazama. "Goti si lazima liwe mbele, mwanangu? Ulishaona la nyuma?"

"Hapana, mama. Mbele. Zamani, kisha ndio kazi ikakuja."

"Aa, kabla! Si useme kabla." Akakaa vizuri. "Kabla lilikuwa zima. Alikuwa anapanda ngazi zote na gunia la mchele begani, mpaka namwambia acha kuniringia."

Leonard akatafsiri. Kamishna akaandika. Wakili hakuwa na swali, na karani alishaanza kusogeza benchi, Bupe alipoweka mkoba wa plastiki juu ya meza.

"Waambie waone na hii. Mwanangu si mtu wa kudanganya. Huyu alikuwa namba nne Marekani nzima."

"Mama, acha," Ombeni alisema.

"Niache nini? Kuna aibu gani?"

Ilikuwa albamu ya harusi, ya maua, aliyokuja nayo kutoka Mbeya. Watu wa kanisani walimletea kila gazeti lililomtaja Ombeni, naye alikata kila lenye uso wa mwanawe na kulibandika kwa uji wa ngano, pamoja na picha alizopiga mwenyewe. Maneno hakuyasoma. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini kwake, cha kuwaambia wagonjwa geuka, fungua mdomo, meza. Ombeni alikuwa hajaifungua albamu hiyo tangu alipotoka chuoni.

"Nzuri sana," wakili alisema. "Naomba niione?"

Bupe akampa kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa sahani. Wakili alifungua ukurasa mmoja mmoja akitabasamu, na Bupe akainama kumwonyesha: hapa ana kumi na sita, hapa wameshinda, hapa kuna mvua. Leonard aliwakimbiza kwa tafsiri. Kisha wakili akafika kwenye ukurasa mmoja akaacha kufungua. Ulikuwa na picha kubwa kuliko zote, ndiyo maana Bupe aliipa ukurasa mzima: Ombeni amelala kwenye nyasi, macho juu, ameshika mkono wa mtu asiyeonekana.

Wakili akasoma kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile ya chanjo.

"Oktoba 2003. Kocha anasema: 'Daktari wetu ameliangalia. Goti limekwisha. Hata aishi miaka mia, hilo halitakuwa goti tena.'"

Leonard, badala ya kutafsiri, aliweka sawa kola ya suti yake.

Kamishna aliweka albamu na ile karatasi ya chuo bega kwa bega. "Daktari ni huyo huyo?"

"Huyo huyo, mheshimiwa," wakili alisema. "Oktoba limekwisha. Aprili limepona kabisa."

"Katikati hapa ulipasuliwa?" kamishna alimuuliza Ombeni.

"Hapana. Walisema litajiponya."

"Basi moja kati ya haya mawili ni uongo."

"Walisema limekwisha walipotaka nafasi yangu wampe mwingine. Walisema limepona walipotaka nisidai."

"Hayo ni yako na chuo."

"Chuo kinasema nilisaini."

"Ulisaini?"

Ombeni aliangalia mikono yake. "Nilisaini."

"Mheshimiwa," alisema tena, "mzee nilimwinua peke yangu. Mashine ilikuwa mbovu tangu Juni."

"Kuna shahidi wa hilo?" wakili aliuliza, kwa upole.

Hakukuwa na shahidi. Kamishna alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Nitaandika uamuzi. Utaletwa kwa posta. Gazeti hili litabaki kwenye faili."

"Wamesemaje?" Bupe alimuuliza Leonard.

Leonard alitazama viatu vyake. "Wamesema asante kwa kitabu, mama."

Karani alikuja na mkasi. Mashine ya fotokopi, alieleza, ilikuwa imeharibika tangu Jumatatu, na kwa vile gundi ilishashika, ingebidi ukurasa ukatwe mzima. Pengine mama angependa kukata mwenyewe, usije ukachanika.

"Wanautaka wa nini?" Bupe alimuuliza mwanawe.

Ombeni alikuwa ameshikilia magongo kama mtu anayezuia ukuta. 

"Wanataka kuuweka, Mama."

"Wapi?"

"Hapa. Ofisini kwao."

Bupe alisogeza albamu karibu. Alichukua mkasi, akakunja ukurasa kidogo kupata mstari, akakata polepole, alivyokata miaka yote mezani kwake jikoni, bila kugusa hata nywele ya mwanawe. Karani akabandua kibandiko cheupe chenye namba ya kielelezo, akakipachika sehemu ya chini ya picha, juu ya goti.

Bupe akainama kukisoma.

"Namba nne," alisema. Hakumtazama Ombeni. "Umeona? Hata hawa wanajua."

Ombeni hakujua kama mama yake hakuelewa, au ameelewa na anamtafutia pa kushika. Aliitikia kwa kichwa. Karani aliugeuza ukurasa ili auingize kwenye faili. Upande wa pili, kocha alikuwa bado anakula.